Jezi za Fainali Zilizonukia Udi

Mjukuu wangu Saumu anasomea kazi za hoteli hapo Ukunda, na juzi alikuja Gazi kunijulia hali akiwa na wenzake watatu. Wakala wali, wakanywa madafu, kisha huyo huyo Saumu akawaambia wenzake mbele yangu, "Bibi alikuwa londri. Londri ni rahisi, unabonyeza kitufe tu." Sikumjibu kwa sababu kulikuwa na wageni, lakini nilikasirika, na mpaka leo sijapoa. Kwa hiyo haya ninayoyasema ni yako wewe Saumu, na wenzako wale watatu, na kila kijana anayedhani udobi ni kidole kimoja na umeme.

Mimi nimefua nguo za watu katika hoteli moja kubwa ya Diani mpaka mgongo uliponiambia basi. Jina la hoteli silitaji, maana bado wananialika sherehe ya wafanyakazi na biriani yao naipenda. Nimefua mashuka, taulo, vitambaa vya meza, na nguo za wageni zilizolowa yale mafuta yao ya kujikinga jua. Mafuta hayo, nakwambieni mapema, yanataka sabuni ya vyombo na subira. Ukiyatia dawa ya kung'arisha nguo yanageuka rangi ya kutu, na hapo utamweleza mwenyewe kwa lugha yoyote utakayo, hatakuelewa.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Nzaro, mtu wa Kinango, mkubwa wetu wa londri. Mrefu, mkimya, na alikuwa haamini mashine wala saa. Nguo ikitoka kambani aliisogeza puani amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akasema "bado" au "peleka." Hakuwa na neno la tatu. Nilipokuwa mgeni kazini nilitia sweta la sufu kwenye maji ya moto, likatoka dogo hata paka lisingemwenea. Nikamngoja anipigie makelele. Akalinusa, akasema "peleka," na nikalipeleka mwenyewe kwa mwenye nalo. Tangu siku hiyo kila sweta nililolishika nililisomea lebo yake kama ninayesoma dua.

Lakini siku ninayotaka kuwaeleza ni ya juzi juzi, karibu na kustaafu kwangu. Ni siku ya fainali.

Yalikuwa mashindano ya mpira wa wanawake, timu za nchi kadhaa za jirani, na fainali ikaangukia huku kwetu. Timu mbili zilizofika fainali zote zilikuwa zimelala hotelini petu. Moja ni yetu ya Kenya. Ya pili ilitoka nchi ya ndani kabisa, mbali na bahari, na nchi yenyewe siitaji kwa sababu wasichana wale hawakuwa na ubaya wowote, kama mtakavyoona. Mimi nawaita wageni tu. Na jezi za timu zote mbili zilikuja kwangu.

Jezi mjue ni nguo ya namna yake. Inafuliwa kwa maji baridi, imegeuzwa ndani nje. Doa la majani unalisugua kwa ndimu na chumvi, taratibu. Udongo mwekundu unauacha ukauke, unaupukuta, ndipo unatia maji, ukianza na maji umejitengenezea rangi. Na pasi usiipitishe juu ya namba hata kwa bahati mbaya, utabaki na namba kwenye pasi na mchezaji atabaki hana jina wala cheo.

Basi, siku moja kabla ya fainali nikazifua zote. Za wageni ziliniwahi asubuhi, zikapata jua, zikakauka vizuri. Za kwetu zililetwa mchana, na mvua nayo ikaja mchana. Nikazikimbiza ndani. Mashine ya kukaushia, yenye kitufe, Saumu, sikia vizuri, yenye kitufe, ilikuwa imeharibika na fundi alikuwa anatoka Mombasa tangu wiki iliyopita. Jezi zetu zikalala ndani zimetundikwa, na asubuhi ya fainali zilikuwa kavu mkononi lakini zinanuka uvundo. Mzee Nzaro akanusa ya kwanza. "Bado." Akanusa ya pili. "Bado." Akaenda zake kunywa chai, jambo ambalo hakulifanya ila mambo yakimshinda.

Ndipo akaingia Mwanamisi. Mwanamisi ni kipa wa timu yetu, binti wa Msambweni hapa hapa, mrefu, mikono kama makasia, na adabu yake haina mfano.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. U mzima?"

"Mzima," akasema, lakini uso ulikuwa unasema lingine. Akakaa juu ya tita la taulo. "Bibi, mama anakuja leo."

"Si jambo la heri hilo?"

"Hajawahi kuja hata siku moja. Ameniambia atakuja mara hii tu, aone kwa macho yake kitu kinachonitoa nyumbani, kisha atatoa neno. Akisema basi, ni basi. Siwezi kumkaidi mama." Akaichukua jezi namba moja, akaisogeza puani, akakunja uso. "Atanikumbatia nikinuka hivi?"

Moyo uliniuma. Binti wa watu ajitupe kwenye matope mbele ya mamake kwa mara ya kwanza, na bado anuke kama tambara la kufutia meza? Nikamwambia aende akapumzike, hiyo kazi aniachie mimi.

Sasa, pale londri nilikuwa na chetezo changu cha udongo. Kilikaa chini ya rafu miaka yote. Msimu wa mvua, sare za wafanyakazi zikishika uvundo, niliwafukizia wenzangu udi, na hakuna aliyewahi kuuliza, maana sisi tumezaliwa tumekuta nguo zinafukizwa. Nguo ya Ijumaa inafukizwa, ya harusi inafukizwa, ya mtoto mchanga inafukizwa. Nikatia makaa, nikatoka uani nyuma ya londri, nikafunika kikapu juu ya chetezo na jezi namba moja juu ya kikapu. Lakini moto mdogo, jamani. Jezi si leso. Leso ni pamba, inavumilia. Jezi ni plastiki iliyojifanya nguo, ikiona moto mkali inajikunyata na hairudi tena. Unayafunika makaa kwa jivu, unatia kijipande cha udi, unaacha moshi upande pole pole.

Nilipomaliza namba moja nikaona si haki kuwaacha wenzake. Nikazifukiza zote, mpaka za wachezaji wa akiba. Nilikuwa nimeinama pale nimejifunika leso kichwani, naimba nyimbo za harusi chini chini, moshi unanizunguka, na nimefurahi sana nafsi yangu. Nikasikia kitu kikilia, kama simu inayopiga picha. Nikageuka, nikaona mgongo wa msichana aliyevaa suti ya mazoezi ya wageni anakimbia.

Hata makaa hayajazima, uani pakajaa watu. Wa kwanza alikuwa meneja wetu, kijana wa bara, mtu mzuri lakini akishikwa na wasiwasi anakatakata maneno. "Mama Mwanatumu, hii moshi ni ya nini? Hii picha iko kwa kila grupu ya simu. Mama, hii hoteli iko na jina." Nyuma yake msimamizi wa mechi, mama mwembamba aliyevaa koti, mkononi ana kitabu cha sheria. Na nyuma yake timu nzima ya wageni, mbele yao nahodha wao, Jozefina.

Jozefina alikuwa msichana mpole, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu aliongea polepole. "Mama," akasema, "sisi hatukuja kushindana na dawa. Tumekuona unavukiza nguo ya kipa, unasema maneno. Goli limefungwa kwa dawa hilo. Wenzangu hawapandi basi la uwanjani."

"Dawa gani, mwanangu? Huo ni udi. Manukato."

"Mbona za kwetu hukuvukiza?"

Ningemjibu nini? Kwamba za kwao hazikunuka? Angeniambia basi dawa huwekwa kwenye nguo zinazonuka. Nikaona aibu, tena nikaogopa. Fainali nzima, watu wameshaanza kujaa uwanjani Ukunda, na inataka kuvunjika kwa ajili ya chetezo changu. Nikamwona Mwanamisi amesimama mlangoni mwa londri. Alikuwa anatazama upande wa geti, na nilijua anamtazamia nani. Mamake angekuja mara hiyo moja, akute hakuna mpira ila watu wanaogombana juu ya uchawi. Neno lake lingekuwa lipi hapo?

Msimamizi akafungua kitabu chake, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Kuna sheria ya soksi," akasema. "Kuna ya hereni. Ya moshi sioni."

Mzee Nzaro alikuwa amerudi na kikombe chake cha chai. Akaichukua jezi namba moja, akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu. Watu wote wakangoja. "Peleka," akasema. Ndilo lililokuwa lote. Halikumsaidia mtu.

Hapo hasira zikanipanda, na mimi nikipandwa na hasira ndipo akili hunijia. Nikamwambia Jozefina, "Haya. Lete na zenu. Kama ni dawa, mtakuwa nayo nyote, ngoma droo. Kama ni manukato, mtanukia. Na usimame hapa uniangalie mikono."

Wageni wakaenda kando wakanong'onezana. Mmoja akakataa, mmoja akacheka, Jozefina akasikiliza wote, kisha akarudi. "Tumekubali. Lakini uvukize sawasawa na zao, usipunguze."

Nikafungua ncha ya leso nilimokuwa nimefunga udi. Palikuwa na unga unga tu. Nilikuwa nimeumaliza wote kwa wachezaji wa akiba, ambao wengine hawajacheza mpaka leo.

Nikajifanya napepea makaa. Nikafikiria kumtuma mtu Ukunda, lakini siku ya fainali njia yote ilikuwa bodaboda na vuvuzela, asingerudi mapema. Wageni wananiangalia mikono kama nilivyowataka. Ulimi huu, wallahi, umeniponza mara nyingi.

Wakati huo askari wa geti akaja na mama mmoja. Nguo ya kung'aa, buibui jipya, hina mkononi, mkoba umetuna. "Huyu anamtafuta bintiye," askari akasema. "Ati ni kipa."

Mwanamisi akamwendea akambusu mkono. "Mama, mbona umevaa hivi?"

"Majirani nimewaambia nakwenda harusini Ukunda," mama yule akasema bila kupepesa. "Ulitaka niwaambie nakwenda kukutazama ukigaragara chini?" Huyo ndiye Bi Mejumaa. Akaniamkia vizuri, tukaulizana hali za nyumbani, za watoto, za mvua, huku timu nzima ya taifa la watu inangoja. Kisha akanusa hewa. "Nani anafukiza udi hapa, na kwa moto mdogo hivyo?"

Nikamtazama. Nikautazama mkoba wake. Mwanamke wa pwani aliyewadanganya majirani zake kwamba anakwenda harusini hawezi kutoka nyumbani bila zawadi ya harusi, watamshuku mlangoni. Nikamvuta kando. "Dada, una udi?"

"Ninao. Ndio zawadi."

"Harusi si haipo?"

Akafikiri. "Haipo," akakubali.

Basi mama huyu aliyekuja kuhukumu mpira, akavua buibui lake jipya, akalitundika kwenye kamba yangu, akakunja mikono ya nguo, akakaa kitako mbele ya chetezo kufukiza jezi za timu inayokuja kumfunga mwanawe. Na tuligombana tangu mwanzo. Yeye anataka makaa yawe mekundu, mimi nayafunika jivu. "Udi hauliwi baridi," ananiambia. "Dada, hii ni plastiki," namwambia. Alipoona mkono wa jezi moja umeanza kujikunja akanyamaza, lakini hakukubali. Mpaka leo hajakubali.

Kila jezi aliigeuza na kuitolea kasoro. Hii imelegea shingo. Hii imefumuka mshono kwapani, mama yao yuko wapi? Ilikuwa namba tisa. Akaomba sindano, akaishona pale pale, akaifukiza kuliko nyingine zote. Jozefina aliyekuwa amesimama kulinda mikono yetu akaishia kupokea jezi na kuzikunja. Baada ya muda akauliza, "Mama, na nywele je? Mnavukiza?" Bi Mejumaa akamwambia ainamishe kichwa. Baada ya hapo tulifukiza timu nzima ya wageni, vichwa na viatu. Refa naye alipopita akasema ni bora na yeye, asije akaambiwa ana upande. Msimamizi wa mechi akajifukiza koti kimya kimya akidhani hatumwoni.

Bi Mejumaa alipofika kwenye rundo la kwetu akauliza, "Namba moja ni ya nani, huyu mwenye rangi yake peke yake?"

"Ya mwanao," nikamwambia.

Akaishika kidogo, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha.

Uwanjani tulikaa pamoja, mimi na yeye, na uwanja mzima ulinukia harusi. Watu walioketi upande wa upepo walikuwa wanaulizana bibi arusi ni nani. Mpira ukaanza. Bi Mejumaa hajui mpira, na mimi najua wa kufua tu.

"Mbona wamemwacha peke yake?" akaniuliza.

"Ndiyo kazi yake, kukaa golini."

"Wenzake wote wamekwenda kule kucheza, yeye wamemwachia mlango?" Akasimama. "Nyinyi, rudini huku. Hamna adabu." Walinzi wa timu yetu, wallahi, wawili waligeuka wakamtazama.

Mwanamisi alicheza siku hiyo, wanangu. Alijirusha kushoto, akajirusha kulia, akaudaka mpira kwenye miguu ya watu. Mara ya kwanza alipoanguka, Bi Mejumaa alinishika mkono akanifinya mpaka nikaona nyota. Mara ya pili akasema, "Inuka." Kufikia kipindi cha pili alikuwa ameweka mkoba chini na anawaeleza watu waliokaa nyuma yetu kwamba yule mrefu ni wake, kamzaa mwenyewe, hospitali ya hapo Msambweni.

Kisha karibu na mwisho, yule namba tisa wa wageni akaupata mpira, akampita mmoja, akampita wa pili, akapiga chini pembeni kabisa. Mwanamisi aliugusa kwa vidole. Haukutosha. Bao.

Bi Mejumaa akakaa. "Namba tisa," akasema. "Yule nilimshona mwenyewe."

Ikabaki hivyo mpaka filimbi. Wageni walilia kwa furaha, wakakumbatiana, na Jozefina akaja mbio na kombe mkononi akatuomba udi wa kwenda nao kwao. Nikamwapia kwamba si dawa. Akasema anajua si dawa, lakini nimpe tu. Bi Mejumaa akampa kilichobaki, maana Mungu alishamwandikia riziki hiyo.

Mimi sikuwa na macho ya kombe. Nilikuwa namtazama Mwanamisi akija upande wetu, matope mpaka shingoni, anatembea kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Akasimama mbele ya mamake, akainamisha kichwa.

"Mama, tumefungwa."

Bi Mejumaa akamshika ukosi wa jezi, akamvuta, akanusa bega, akanusa mgongo. Nilimkumbuka Mzee Nzaro, nikasema moyoni huyu akisema "bado" mtoto amekwisha.

"Nani aliyefukiza hii?" akauliza.

Nikasema, "Mimi."

"Moto ulikuwa mdogo. Haikushika." Nikafungua mdomo kumweleza habari za plastiki, akaniinulia mkono, hakutaka kunisikia. Akamgeukia mwanawe, akamfuta tope shavuni kwa ncha ya buibui jipya. "Mechi nyingine usiwape watu. Ilete nyumbani, nitaifukiza mwenyewe."

Mwanamisi akamtazama. "Mechi nyingine, Mama?"

"Kwani wamefunga uwanja?"

Binti akakaa chini pale kwenye majani akalia, na sikulia mimi, ila leso yangu ililowa. Saumu, wewe na kitufe chako, tafuta mashine inayoweza kufanya hayo. Kuanzia siku ile jezi namba moja haikuletwa tena londri kwangu. Ilifuliwa Msambweni, ikafukizwa Msambweni, kwa moto mkali, na nasikia mkono mmoja umejikunja kidogo. Nimenyang'anywa kazi, na katika miaka yangu yote ya udobi sijafurahi hivyo.